Mgeni asitaje jina la faili

Leo sina habari ya simu mpya, nina malalamiko.

Kuanzia huku kwetu Jego mpaka Diani, mwenye vyumba viwili vya wageni siku hizi anataka tovuti, na tovuti hiyo inapokea nakala za pasipoti na vitambulisho. Wanaozitengeneza ni vijana kama mimi. Mara nyingi utakuta anwani ya namna hii:

pakua.php?faili=bei.pdf

Sasa mtu aandike hapo ../../../../etc/passwd. Kila ../ maana yake "rudi folda moja juu". Akirudi vya kutosha anafika kwenye mzizi wa seva, kisha anashuka anakotaka: faili lenye nywila ya hifadhidata, au ile folda ya pasipoti. Hajavunja mlango. Ameomba, seva ikampa.

Ukimwambia fundi anakujibu, "Mbona nimeshafuta ../ kwa str_replace?" Haya, mtu akiandika ....// je? Futa ../ iliyo katikati, kinachobaki ni ../ ileile.

Wala si tatizo la wanafunzi tu. Apache toleo 2.4.49, la mwaka 2021, lilizuia ../ lakini nukta ya pili ikiandikwa %2e ilipita, pale ambapo folda za nje hazikufungwa kwenye mipangilio. Tarehe 4 Oktoba wakatoa 2.4.50. Siku tatu baadaye ikabidi watoe 2.4.51, kwani watu walishaificha nukta mara mbili. Hao ni Apache jamani! Wewe na mstari wako mmoja wa PHP?

Kwa hiyo mimi nasema acheni kuchuja. Mpe mgeni namba, faili=17, na jina halisi likae kwenye hifadhidata. Faili zenyewe ziwe nje ya folda ya tovuti. Kabla ya kutoa chochote, hakikisha aliyeomba ana ruhusa, maana namba nazo hukisiwa: 17, 18, 19... Kama jina ni lazima, lipitishe kwenye realpath() kwanza, kisha angalia kama bado uko ndani ya folda yako.

"Sisi wadogo, nani atatutafuta Jego?" Hakuna anayeitafuta Jego. Ni programu zinazobisha hodi kwenye kila seva, usiku na mchana. Na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inampa mwenye nyumba ya wageni saa 72 kumwarifu Kamishna wa Data pindi akijua taarifa zimevuja na wateja wanaweza kudhurika. Yeye ndiye atakayeulizwa. Fundi ameshalipwa, kaenda zake.