Makaburi ya kale yasigeuzwe kifusi cha barabara

Barabara ya Isiolo hadi Mandera, takriban kilomita 740, imesubiriwa mno na gazeti hili linaiunga mkono. Lakini barabara hula mawe na changarawe, na mawe mepesi kuzoa ni yale yaliyokwisha kurundikwa. Kaskazini mwa Kenya kuna makaburi ya kale ya mawe, mengine ya watu walioishi kabla ya Uislamu kufika. Dereva wa tingatinga ambaye hajaonyeshwa ataona kifusi tu.

Kinachopotea pamoja na mifupa iliyomo ni kikubwa. Mwaka 2019 wanasayansi walitangaza matokeo ya vinasaba vya watu 41 wa kale wa Kenya na Tanzania, wengi wao kutoka Bonde la Ufa. Ilibainika kwamba mifugo ililetwa na watu waliohama kutoka kaskazini, wakachanganyika na wawindaji waliowakuta. Na kati ya watu hao 41, mmoja tu, wa pango la Gishimangeda nchini Tanzania, ndiye aliyekuwa na badiliko la kijeni linalomwezesha mtu mzima kunywa maziwa bila tumbo kumsumbua. Kwa mkazi wa Garissa aliyekuzwa kwa maziwa ya ngamia, hilo linamhusu moja kwa moja: uwezo huo uliwafikia lini wazee wake, na uliletwa na nani? Mifupa ya Bonde la Ufa haiwezi kumjibia. Huenda jibu limefukiwa huku, kati ya mito ya Tana na Juba.

Tena muda ni mchache. Joto huharibu vinasaba. Mara nyingi hubaki katika mfupa mgumu unaozunguka sikio la ndani pekee. Fuvu likishafukuliwa na kuachwa juani karibu na timbo, hata hayo mabaki hupotea.

Sheria ya Makavazi na Turathi ya 2006 inamtaka anayegundua kitu cha kale aripoti. Haitoshi, kwa sababu kuripoti huja baada ya koleo kugonga. Makavazi ya Kitaifa na kaunti za Garissa, Wajir na Mandera zitume wataalamu wapite kila eneo la kuchimbwa changarawe kabla mwanakandarasi hajalifungua, wakiongozwa na wazee. Ni wazee wa Wajir wanaosimulia habari za Wamadanle, watu wanaotajwa kuwa ndio waliochimba visima vya kale. Ujuzi wa aina hiyo hautafutwi katika ofisi za Nairobi.

Kaburi la Mwislamu lisiguswe bila ridhaa ya jamii na masheikh. Hakuna mfupa unaofaa kusafirishwa hadi maabara ya ng'ambo bila mkataba unaoeleza utarudi lini, na matokeo yasomwe barazani kwa Kisomali. Chuo Kikuu cha Garissa kipewe fedha za kuwafunza vijana wa hapa kazi hii. Magavana wa kaunti hizo tatu watoe agizo la ukaguzi huo sasa, kabla ya timbo jingine kufunguliwa.