Paka wa mjini na daktari anayeitwa akiwa amechelewa

MTU anayeponea chupuchupu mara kwa mara husemwa kuwa ana roho ya paka. Pengine imani hiyo ndiyo inayofanya familia nyingi za Dar es Salaam na miji mingine nchini zimpe paka dagaa na mahali pa kulala, lakini zisimpeleke kwa daktari wa mifugo mpaka ashindwe kusimama.

Ugumu huo wa roho kwa kiasi kikubwa ni kuficha. Paka ni mwindaji, lakini kwa udogo wake naye huwindwa, hivyo maumbile yamemfundisha kutoonyesha maumivu. Akiumwa hujikunyata uvunguni, hula kidogo, na wenye nyumba husema anazeeka.

Mfano mzuri ni ugonjwa sugu wa figo, unaowapata sana paka wenye umri mkubwa. Dalili za wazi, yaani kunywa maji mengi, kukojoa sana na kukonda, kwa kawaida hujitokeza wakati takriban theluthi mbili za uwezo wa figo zimekwishapotea. Hapo daktari hana la kurudisha. Hupunguza makali tu.

Ndiyo sababu miongozo ya madaktari wa paka nchini Marekani inataka mnyama huyo apimwe angalau mara moja kwa mwaka, na kila baada ya miezi sita akishavuka miaka 10. Uchunguzi wenyewe hauhitaji mitambo. Daktari hutazama meno na masikio, husikiliza moyo, hupapasa tumbo, hutafuta viroboto, hukagua chanjo na kumpima uzito. Mizani ndiyo yenye siri kubwa: paka wa kilo 4 akipungua gramu 400, amepoteza sehemu ya kumi ya mwili wake, sawa na mtu wa kilo 70 kupungua kilo 7. Macho ya anayemwona kila siku hayagundui hilo. Mizani hugundua, ilimradi uzito wa mwaka uliopita uliandikwa mahali.

Suala hili haliishii kwa paka. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao Asia na Afrika, na asilimia 99 ya maambukizi kwa binadamu hutokana na mbwa. Ni haki basi kampeni zikamlenga mbwa kwanza. Hata hivyo, jina la ugonjwa limewapotosha wengi. Paka aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa naye huugua, na ndiye anayelala kitanda kimoja na watoto. Dalili zikishaanza kwa binadamu, ugonjwa huo karibu kila mara ni kifo.

Siku ya chanjo mbwa hufungwa kamba akaongozwa hadi kituoni. Paka hakamatiki, na akikamatwa hukwaruza na kutoroka kabla ya kufika kituo cha daladala. Kikapu chenye kifuniko, kilichoachwa wazi sebuleni siku kadhaa ili akizoee, humaliza sehemu kubwa ya kero hiyo.

Hatari zaidi ni wale wanaomruka daktari na kwenda duka la dawa. Ini la paka haliwezi kuivunja parasetamo kama la binadamu, na kidonge kimoja kinaweza kumuua. Dawa za viroboto vya mbwa zenye permethrini nazo ni sumu kwake. Aidha, wapo vishoka wanaozunguka na sindano mitaani, ingawa Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 iliweka Baraza la Veterinari la kusajili wanaoruhusiwa kutibu wanyama.

Lawama zote hazistahili kubebeshwa wafugaji. Huduma za veterinari nchini zilijengwa kwa ajili ya ng'ombe, na zilifanya kazi kubwa. Sotoka ilitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011. Lakini ofisa mifugo wa kata ya mjini leo huulizwa kuhusu kuku, ng'ombe wa maziwa na nguruwe. Paka hutajwa mwishoni, kama hutajwa. Kliniki binafsi zipo, na kwa familia inayohesabu nauli gharama zake ni mzigo. Kwa familia hiyo, chanjo ya kichaa cha mbwa na kumhasi paka ndivyo vya kutangulizwa.

Hapo ndipo halmashauri zingeweza kusaidia bila bajeti mpya ya kutisha. Lengo la kimataifa ni kukomesha vifo vya binadamu vitokanavyo na kichaa cha mbwa ifikapo mwaka 2030, na kila Septemba 28, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, mataifa mengi huhimiza chanjo. Paka anapokuwa tayari juu ya meza ya mtaalamu akisubiri sindano, kumpima uzito, kumfungua kinywa na kuandika tarehe kwenye kadi huongeza dakika chache tu.