GURUDUMU LINALOGONGA ALFAJIRI

Mtu aliyezaliwa kando ya Ziwa huijua baridi kwa kusikia habari zake tu. Katika mji wa Homa Bay, hata mwezi wa Julai, mwenye blanketi moja halalamiki. Na huko Migori, ingawa mvua za jioni hupoza hewa, jua la saa nne humsahaulisha mtu yote. Kwa sababu hiyo wenye motokaa wa pande hizo hawana desturi ya kufikiri kwamba baridi yaweza kuligeuza umbo tairi. Walakini motokaa haikai nyumbani kama kinu. Hubeba watu na mizigo, hupanda milima, hulala ugenini; na huko ugenini ndiko mwenyewe hukutana na jambo asilolitazamia.

Kuna kisa kifaacho kuwa mfano. Mkulima mmoja wa miwa wa upande wa Awendo, mtu mwenye heshima na mwenye kuzihesabu shilingi zake, aliondoka na motokaa yake kwenda Nairobi kumlipia binti yake karo ya chuo. Alifuatana na mpwa wake, ambaye ni karani katika ofisi moja ya Homa Bay. Walipita Rongo, Kisii, Sotik na Kericho. Jua lilikuwa kali, mzigo ulikuwa mzito, na mwendo ulikuwa wa haraka, hata matairi yakapata moto sana. Usiku ukawakuta karibu na Mau Summit, wakalala hapo.

Alfajiri ukungu ulikuwa umetanda na pumzi za watu zilionekana kama moshi. Mkulima alipoliondoa gari alisikia kishindo: du, du, du, du. Usukani ukatetemeka mikononi mwake, na kila alipoongeza mwendo kishindo nacho kiliongeza haraka yake. Akasimama, akazunguka gari mara mbili, lakini hakuona tairi lililotoboka. Mtu mmoja muuza matairi aliyekuwa kando ya barabara akaja, akatikisa kichwa, akasema kwamba matairi yote manne yamekwisha, na kwamba yakinunuliwa mapya papo hapo bei itapunguzwa. Mkulima akatia mkono katika mfuko wa koti, na humo ndimo ilimokuwa karo.

"Mjomba, ngoja kwanza," akasema mpwa wake. "Tuyatazame sote wawili, tupime upepo, kisha twende polepole kilomita 20. Kishindo kikizidi, tutasimama mara moja; kisipokoma, utanunua."

"Na likipasuka njiani je? Karo hutafutwa ikapatikana, mwanangu, lakini roho haitafutwi."

"Ni kweli, Mjomba. Ndiyo maana nasema tuyatazame kwanza, upande wa nje na upande wa ndani."

Wakayapapasa kwa mikono, ubavu kwa ubavu. Hapakuwa na uvimbe wala mpasuko wala waya uliochomoza. Walipopima upepo waliona kwamba matairi yote yamepungukiwa, nao wakaongeza. Kisha wakaenda kwa mwendo wa pole. Kishindo kikapungua kidogo kidogo, na kabla ya kuufikia mteremko wa Salgaa, ambao jina lake linajulikana kwa ajali nyingi, gari lilikuwa limetulia kama siku zote. Karo ikafika chuoni kamili.

Je, tairi lilikuwa na nini? Jibu lake si gumu. Kila tairi linapobeba gari, sehemu yake ya chini hubonyea na kuwa bapa, mahali penye upana wa kiganja cha mtu mzima hivi. Gari likiwa katika mwendo, ubapa huo hauleti taabu, maana kila sehemu ya tairi hupata zamu yake ya kubonyea na zamu yake ya kurudi. Lakini gari likisimama, ni sehemu ile ile moja inayobaki chini usiku kucha. Sasa, ndani ya tairi mna nyuzi zilizofumwa ili kulitia nguvu, na katika matairi mengi nyingine ya nyuzi hizo ni za naironi. Naironi ikipata moto hulegea na hutaka kujikunyata, ikipoa hukakamaa. Tairi linapofika kituoni likiwa na moto wa safari, kisha likasimama na kupoa, nyuzi za sehemu iliyo chini hupoa zikiwa katika umbo la ubapa, na umbo hilo hulishika. Asubuhi gurudumu si duara kamili tena, na kila linapozunguka mara moja hupiga barabara kwa pahali pale palipolala. Baada ya mwendo kidogo moto hurudi, nyuzi hulegea tena, na upepo ulio ndani huusukuma ubapa mpaka duara likarudi. Kwa kawaida jambo hilo huisha katika kilomita 15 mpaka 40.

Habari hii si ngeni duniani. Naironi ilitangazwa huko Marekani na kampuni ya Du Pont katika mwaka wa 1938. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ilitiwa katika matairi ya ndege, kwa kuwa ina nguvu nyingi na huvumilia kishindo cha kutua. Vita vilipokwisha ikaingia katika matairi ya malori na ya motokaa. Ndipo wenye motokaa wa nchi za baridi walipoanza kulalamika kwamba magari yao hugonga kila asubuhi, na baadhi ya watengenezaji wa magari wakawa hawapendi kuyafunga matairi hayo katika magari mapya. Katika miaka ya 1960 nyuzi za poliesta zilianza kutumika, nazo hazikuwa na tabia hiyo kwa kadiri ile. Baadaye yakaenea matairi yenye mkanda wa nyaya za chuma. Hata hivyo naironi haikufukuzwa. Hutiwa juu ya mkanda huo ili kuushika imara gari linapokwenda kasi. Kwa hiyo hata tairi jipya la leo, hasa lile lililotengenezwa kwa ajili ya mwendo mkubwa, laweza kulala usiku na kugonga asubuhi.

Mtu wa Homa Bay ataona sasa kwa nini jambo hili humpata safarini kuliko nyumbani. Maji ya Ziwa Victoria yako kiasi cha mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na Mau Summit imepita mita 2,400. Kwa kawaida hewa hupungua joto kiasi cha digrii 6 za Selsiasi kwa kila mita 1,000 za kupanda. Basi gari linaloondoka Ziwani mchana na kulala milimani hupata mambo mawili yaliyo kinyume kwa siku moja: moto mwingi wa mwendo, na baridi nyingi ya usiku. Miezi ya Juni, Julai na Agosti ndiyo mibaya zaidi.

Tena baridi huupunguza upepo wenyewe. Kanuni inayotumiwa na mafundi ni kwamba kila joto linaposhuka digrii 5 au 6, kipimo cha upepo hushuka kiasi cha ratili 1 kwa inchi ya mraba. Tairi lililopimwa jioni likiwa moto likaonyesha ratili 32, alfajiri ya baridi laweza kuonyesha ratili 27. Tairi lenye upepo haba hubonyea zaidi, na ubapa wake huwa mkubwa zaidi. Ndiyo sababu upepo hupimwa tairi likiwa limepoa, yaani gari likiwa limesimama saa 3 au zaidi, na kiasi kinachotakiwa hutazamwa katika kibandiko kilicho penye mlango wa dereva au katika kitabu cha gari. Wako madereva ambao huona kipimo kimepanda baada ya safari, nao wakaufungulia upepo utoke. Hilo ni kosa kubwa, maana tairi likipoa litabaki na njaa.

Lakini kisa cha mkulima yule hakikuishia Salgaa. Baada ya mwezi mmoja alikuwa akiendesha gari kutoka Migori kwenda Rongo, saa sita ya mchana, na mpwa wake amekaa kando yake. Kishindo kikaanza: du, du, du. Mkulima akacheka.

"Usihofu," akasema. "Limelala tu. Litakoma lenyewe."

Wakaenda kilomita 10, wakaenda 20. Kishindo hakikukoma, bali kilizidi.

"Mjomba," akasema karani, "lile la Mau lilianza alfajiri gari liliposimama usiku kucha katika baridi, nalo lilipungua kwa kila kilomita. Hili limeanza mchana, tukiwa katika mwendo, na linaongezeka. Nakuomba usimame."

Mkulima hakupenda kusimamishwa na kijana, lakini alisimama. Walipolipapasa tairi la mbele la kushoto, ubavu wa ndani, usioonekana na mtu asiyeinama, palikuwa na uvimbe mkubwa kama yai la kuku. Nyuzi za ndani zilikuwa zimekatika, yamkini kwa kugonga shimo la barabarani, na kilichobaki kuuzuia upepo kilikuwa mpira mtupu. Wakatia jeki, wakafunga tairi la akiba. Mkulima alilitazama lile bovu kwa muda mrefu bila kusema neno.

Hapo ndipo palipo na fundisho la habari hii yote. Asiyejua lolote huogopa kila kishindo, na kwa hofu yake hutoa fedha za karo kununua asichohitaji. Lakini aliyejua nusu ana hatari zaidi, kwa sababu amepata neno la kujifariji na hajapata kipimo cha kulipimia. Kipimo chenyewe ni hiki: kishindo cha baridi huanza gari linapoondoka baada ya kusimama, hupungua jinsi matairi yanavyopata moto, na huisha. Kishindo kinachoanza katikati ya mwendo, au kinachozidi, au kinachorudi siku kwa siku hata katika joto, si cha baridi. Chaweza kuwa uvimbe, au nyuzi zilizoachana, au gurudumu lisilosawazishwa, au pahali palipokwanguliwa siku dereva alipofunga breki kwa nguvu na tairi likaburuzika bila kuzunguka. Mpira uliokwanguliwa haurudi.

Kuna jambo moja zaidi la kuangaliwa, nalo ni gari linalosimama siku nyingi. Mwezi wa Aprili 2020 Serikali ya Kenya ilizuia watu kuingia na kutoka Nairobi kwa sababu ya ugonjwa wa Korona, na zuio hilo liliendelea hata mwezi wa Julai. Gari likisimama miezi kama hiyo, upepo wake hupungua kidogo kidogo, na ubapa unaofanyika waweza kukataa kuondoka kabisa. Ndivyo ilivyo pia kwa motokaa ya mtoto aliye ng'ambo, iliyoachwa chini ya mwembe kwa wazazi ikingoja Krismasi. Si baridi iliyoiharibu, bali kukaa.

Mwenye gari la namna hiyo na alijaze upepo kabla ya kuliacha, asivuke kiasi kilichoandikwa ubavuni mwa tairi kuwa ndicho cha juu kabisa. Kila wiki moja au mbili na alisogeze, hata kama ni hatua chache, ili sehemu nyingine ipate zamu ya kubeba. Ikiwa litakaa miezi, ni afadhali liinuliwe na kuwekwa juu ya vigingi imara vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo, si juu ya mawe. Lisikae juani wala juu ya mafuta yaliyomwagika, kwa kuwa vyote viwili huula mpira. Na siku ya kuondoka upepo urudishwe katika kiasi chake cha kawaida, na kilomita za kwanza ziwe za mwendo wa pole.

Karani yule wa Homa Bay hakuwa fundi, wala hakupata kushika spana ila siku ya kubadili tairi. Alichokuwa nacho ni desturi ya ofisini, ya kutoamini hesabu mpaka aikague kwa macho yake. Siku hizi, husemwa, mjomba wake naye huinama kila asubuhi kabla ya kuwasha motokaa, akapitisha mkono ubavu wa ndani wa kila tairi, hata akiwa amevaa suruali ya kanisani. Majirani humcheka. Yeye hujibu kwamba goti lenye vumbi hufuliwa kwa sabuni ya shilingi chache.