Mbwa wa kupimiwa kwa kopo

JICHO LA TABATA
Na Mwinyi Gobole

Jumamosi nilikwenda Mwenge, duka la vyakula vya mifugo, kumtafutia Meneja dagaa. Wasomaji wa zamani mnamjua Meneja. Wageni watosheke na hili: ni mbwa wangu, na mjumbe wa mtaa bado anadai kiatu chake cha kushoto.

Duka lenyewe ni la kawaida: pumba, mashudu ya alizeti, chokaa, dagaa ambao nusu ya uzito wao ni mchanga. Mlangoni, pale jua linapopiga, limesimamishwa gunia la chakula kikavu cha mbwa kutoka nje, limechanwa mdomo, kopo la kupimia limezama ndani. Unataka kilo, unachotewa, unafungiwa kwenye kaki. Tarehe ya mwisho wa matumizi bila shaka iliondoka na kile kipande kilichochanwa.

Mbele yangu kijana wa kazi anaagiza dagaa kilo mbili na dona. Nyuma yake mama mmoja, miwani ya jua juu ya nywele, ufunguo wa gari unazunguka kidoleni.

"We kijana, dagaa wote hao wa nini?"

"Wa mbwa, mama."

"Mbwa gani anakula ugali miaka hii? Mwambie bosi wako mbwa si kuku. Mnatesa viumbe wa Mungu!"

"Sawa, mama," kijana akajibu, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kusemwa na wengi tangu alfajiri. Mama akamsogeza kwa kiwiko, akapimiwa kilo tatu kutoka gunia lile la mlangoni.

Nilinyamaza, maana nyumbani nimekatazwa kugombana madukani. Lakini safu hii ni yangu. Anayetaka kukasirika aanze sasa: sufuria ya yule kijana ni bora kuliko kopo la yule mama, na sihitaji semina ya wadau kulijua hilo.

Dagaa huliwa mzima, na mifupa yake, kwa hiyo mbwa anapata madini ambayo mnofu mtupu haumpi. Ongeza ini kidogo siku moja moja, boga au mchicha uliochemshwa, maisha yanaendelea. Na hili la ugali kuwa mateso limetoka wapi? Mwaka 2013 watafiti wa Sweden walionyesha katika jarida la Nature kwamba mbwa wa nyumbani ana nakala nyingi zaidi za jeni ya kuvunja wanga kuliko mbwa mwitu wa Ulaya. Amekula mabaki yetu mpaka mwili wake ukakubali. Bibi yangu hakusoma Nature, lakini mbwa wake walizeeka.

Nacho hicho kikavu kinachotukuzwa asili yake ni nini? Inasimuliwa kuwa Mmarekani mmoja, James Spratt, alikuwa London karibu mwaka 1860 akaona mbwa bandarini wakigombania biskuti za mabaharia, zile ngumu za kuvunja meno. Akaona pesa, akaanza kuuza biskuti za mbwa. Zile punje za leo zilikuja karibu miaka mia baadaye, kwa mashine za aina ile ile ya nafaka za kifungua kinywa. Yaani mama anamdharau mla dona huku mkononi kashika kaki ya nafaka.

Sisemi chakula kikavu ni kibaya. Mfuko uliofungwa, wenye lebo, uliotunzwa pakavu, ni chakula kamili, na una vitamini ambazo sufuria nyingi za Tabata hazijawahi kuziona. Lakini gunia la mlangoni si mfuko huo tena. Punje zile hupuliziwa mafuta mwishoni ili mbwa azitamani, na mafuta yakikaa kwenye hewa na joto la Dar es Salaam yanachacha. Unyevu ukiingia, kuvu nayo inafuata. Marekani, mwishoni mwa 2020, mbwa wengi walikufa kwa sumukuvu iliyokuwa kwenye chakula kikavu kilichotoka kiwandani kimefungwa. Sembuse hiki cha kopo?

Najua, mahindi nayo yana sumukuvu. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Ndiyo maana nawachukia pia wale wanaotenga mahindi yaliyoota ukungu wakisema "haya ya mbwa". Meneja anakula dona ninayokula mimi. Kasoro yake ni kwamba hasemi asante, na katika hilo hatofautiani na shemeji.

Shemeji mwenyewe, kila Idi, humwagia mbwa wake pilau, vitunguu na mifupa ya kuku pamoja. Vitunguu huharibu damu ya mbwa, na mfupa wa kuku uliopikwa hupasuka vichonge tumboni. Na ninyi wa nyama mbichi, mnaobeba mapafu yenye vifuko vya maji kutoka machinjioni: mnamlisha mbwa tegu, na mayai ya tegu yanarudi kwenye mikono ya watoto wenu. Kule Turkana, Kenya, watu wameugua sana kwa njia hiyo.

Mama alipoondoka nilimuuliza muuza duka kama yule ni mteja wake wa kudumu.

"Huyo? Huja tarehe za mshahara. Kilo tatu."

"Na zikiisha?"

"Baada ya hapo, mzee, sijui wanakula nini."

Kwa hiyo wenye mbwa wenzangu: mkiweza kununua mfuko mzima mwezi mzima, nunueni, mfunge mdomo wake, mwacheni mbwa ale. Msipoweza, pikeni. Dagaa wachekecheni mchanga, chumvi msitie, vitunguu kuleni wenyewe. Na vijana wa watu waacheni wanunue dona kwa amani.