Akili ya Mashine Izungumzwe kwa Lugha ya Wafanya Kazi

Mashine zinazoigiza akili ya mwanadamu zimekwisha kupewa majina matatu katika Kiswahili, hata kabla wengi wetu hatujaijua kazi yake. Wako waiitao akili bandia, wako wasemao akili mnemba, na wako walioshika akili unde. Wataalamu washindane, si vibaya, kwani lugha iliyo hai ndivyo ilivyo. Lakini sisi twaona kwamba jina si jambo kubwa. Jambo kubwa ni kujua mazungumzo juu ya mashine hizo yanafanywa na nani, kwa lugha gani, na yakiisha ni nani aondokaye na kitu mkononi.

Tangu ChatGPT ilipotolewa kwa watu wote mwezi wa Novemba 2022, vikundi vya kujadiliana habari hizi vimezaliwa kwa wingi katika simu na kompyuta, wala si kwa Kiingereza tu. Ni jambo la kufurahisha. Walakini mtu aingiapo katika baadhi ya vikundi vya Kiswahili hukuta habari ya Kiingereza imetafsiriwa, imepelekwa huku na huku, basi. Huo ni umbea wa wasomi.

Haja ya vikundi vya kweli yatokana na namna mashine hizi zinavyofundishwa. Husomeshwa maandishi mengi mno, hasa yale yaliyomo katika intaneti. Humo Kiingereza peke yake ni karibu nusu. Kiswahili, ambacho UNESCO yasema kina wasemaji zaidi ya milioni 200, hakifikii hata sehemu moja katika mia. Kwa hiyo mashine ya kutafsiri ikisoma kwamba mkutano ni saa mbili asubuhi, yaweza kumwambia Mwingereza aje saa mbili ya saa yake, yaani saa nane za usiku kwa hesabu yetu. Neno yeye, ambalo kwetu halibagui mume wala mke, limetafsiriwa mara nyingi hivi: akiwa daktari basi ni mwanamume, akiwa muuguzi basi ni mwanamke. Mhandisi wa California asiyejua Kiswahili hawezi kuyaona makosa hayo. Huyaona karani, na muuguzi, na dereva.

Kwamba watu wa namna hiyo wanaweza kufanya kazi kubwa si ndoto. Mwaka 2019 kilianzishwa kikundi cha Masakhane, jina la Kizulu lenye maana ya kujenga pamoja. Waafrika wa nchi nyingi, wataalamu wa kompyuta pamoja na watafsiri na wasemaji wa kawaida wa lugha, walishirikiana kwa mbali. Ilipofika mwaka 2020 walikuwa wamekwisha kuchapisha majaribio ya tafsiri kwa lugha za Kiafrika zaidi ya 30. Mwaka 2021 wakatoa mkusanyiko wa habari za magazeti uliotiwa alama kwa mkono katika lugha 10, Kiswahili, Kijaluo, Kiganda na Kinyarwanda zikiwamo. Twawapa heshima yao. Ila taarifa zao zilichapishwa kwa Kiingereza, na mama muuza samaki wa Feri hazisomi.

Kazi hii ina upande mwingine, nao wawahusu wafanya kazi moja kwa moja. Januari 2023 gazeti la TIME la Marekani lilieleza habari za watu wa Nairobi waliokuwa wakisoma na kutia alama maandishi ya ukatili na uchafu wa kila namna, ili mashine za OpenAI zifundishwe kuyatambua. Fedha waliyobaki nayo ilikuwa kati ya dola 1.32 na dola 2 kwa saa. Tarehe 1 Mei 2023, Sikukuu ya Wafanya Kazi, watu zaidi ya 150 wa kazi za namna hiyo walikutana Nairobi wakapiga kura kuunda chama chao. Hayo ndiyo mazungumzo tuyapendayo.

Liko pia swali la mali. Mwaka 2018 redio moja ya Wamaori wa New Zealand, Te Hiku Media, iliwaomba watu wake wasome sentensi kwa sauti. Kwa siku 10 zikapatikana saa zaidi ya 300, zikatumiwa kuifundisha mashine kusikia Kimaori. Makampuni yalipozitaka sauti hizo, redio ilikataa. Wazee wa Kimaori walichapwa shuleni kwa kunena lugha yao. Haikuwa haki lugha hiyo hiyo ichukuliwe halafu wauziwe wajukuu. Sisi tuliowahi kuvishwa kibao shingoni kwa kosa la kunena lugha ya mama zetu twaielewa hasira hiyo. Wako wengine, kama Common Voice ya Mozilla ambamo Kiswahili kimo, wanaotoa sauti bure kwa kila mtu, nao wana hoja yao: kilicho wazi hutumiwa hata na maskini. Hatusemi njia gani ifuatwe. Twasema wanachama waulizwe kabla ya kusoma sentensi ya kwanza.

Nasi wenye Kiswahili tusijifanye watakatifu. Tanzania ina lugha zaidi ya 120, na Msukuma aweza kutuuliza yale yale tunayomwuliza Mwingereza. Tutamjibu nini?

Tena si lazima lugha zetu zikutane kwa kupitia Kiingereza kila siku. Neno letu moja, hatutawapikia, ni sentensi nzima kwa Mwingereza. Mashine iliyozoea Kiingereza hulikatakata vipande, na kwa kuwa makampuni mengi huhesabu vipande katika kutoza bei, Mswahili hulipa zaidi kwa habari ile ile. Mganda na Mnyarwanda wana shida hiyo hiyo, maana lugha zao huunganisha viambishi kama yetu. Kikundi cha Kampala na kikundi cha Mwanza vikiwa na watu wawili watatu wajuao lugha zote mbili, vyaweza kupelekeana orodha za makosa na kudai pamoja.

Basi waundao kikundi kipya tungewashauri waanze na kazi moja ya wanachama wenyewe. Wauguzi, kwa mfano, wachukue karatasi za maagizo ya dawa, wazipitishe katika mashine, waandike kila kosa na sababu yake katika daftari la kikundi. Na waanze na saa.