Bima itulipie na gym za vyuma vya zege

Kuna staa mmoja wa Bongo, jina kapuni, kila wiki anapost kifua akiwa gym na kutuambia vijana tuache uvivu. Sawa kaka, ada unatulipia?

Wenzetu Afrika Kusini wana mpango unaitwa Vitality, wa kampuni ya bima ya Discovery, tangu 1997. Ukiwa mwanachama unalipia gym kwa punguzo kubwa. Ila lazima uende kweli, mahudhurio yanahesabiwa. Sio huruma ile. Wamepiga hesabu kwamba anayekimbia leo hatawaletea haraka bili ya presha na kisukari.

Kwetu mwalimu au nesi anakatwa 3% ya mshahara kwenda NHIF na mwajiri anaweka 3% nyingine. Anayefanya mazoezi na anayeshindia chipsi mayai, makato ni yale yale. Hapo mi naona tunapunjwa.

Lakini msije mkakopi na kupesti. Punguzo la gym yenye kiyoyozi litaishia Masaki huko. Sisi huku Kabanga gym ni makopo ya rangi yaliyojazwa zege, bomba katikati, na jogging ya alfajiri kwenye vilima vyetu. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote imepita 2023, kwa hiyo tudai sasa hivi: klabu za jogging na gym za mtaani zisajiliwe, mahudhurio yapelekwe, mwanachama apunguziwe mchango.

Mtasema watu watagushi mahudhurio. Watagushi ndiyo, kwani fomu za matibabu hazigushiwi?