Halikufa kwa Uzee

Wako wanaosema gazeti la Wiener Zeitung lilikufa kwa uzee. Si kweli! Lilizaliwa Vienna tarehe 8 Agosti 1703, likaona wafalme wakianguka. Wanazi walilifunga mwaka 1940, likafufuka mwaka 1945. Mwenye mali ni serikali ya Austria yenyewe. Riziki yake kubwa ilikuwa matangazo ambayo makampuni yalilazimika kisheria kuyachapisha humo. Mwaka 2023 Bunge likafuta sharti hilo, na tarehe 30 Juni likatoka toleo la mwisho la kila siku kwenye karatasi. Ati limebaki kwenye intaneti! Naam, kuyapunguzia makampuni gharama ni jambo jema. Lakini ndugu msomaji, anayemnyima mzee chakula, kisha akatangaza kuwa umri umemwondoa, tumwiteje?